Nyumba Yenye Meno

Siku mke wa Mzee Pindo alipokalia sindano kwa mara nyingine, hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia mumewe hofu. Kwa kawaida angelia "Mama yangu wee!" mpaka jirani aulize kuna nini, halafu angemsema mumewe kuanzia kitandani hadi jikoni, na mambo yangeishia kwenye chai. Safari hii aliichomoa kimya kimya, akaipangusa kwa ncha ya gauni, akaiweka juu ya cherehani. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi:

"Chagua. Mimi au mashine yako."

Mzee Pindo alikuwa na pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja ili kujipa muda wa kufikiri. "Mke wangu, si sindano tu?"

"Leo sindano. Juzi chaki yako ilikuwa kwenye mto, nikaenda sokoni na shavu la bluu, watu wananipa pole. Na huyo mtu wako asiye na kichwa, kila nikigeuka kitandani nadhani tumeingiliwa. Nimeshamwamkia mara ngapi mimi? Sikiliza. Mvua zikianza bado mnalala wote humu ndani, nahamia kwa binti yangu. Kule nitakalia kochi, nikisimama niwe mzima."

Huyo asiye na kichwa alikuwa sanamu la kuvalisha nguo, kifua kipana, mguu mmoja wa mbao. Yeye, cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa viliingia chumbani baada ya jengo lililokuwa na duka la Mzee Pindo kubomolewa. Kwanza vilikaa sebuleni, kwa amani kabisa, mpaka mwenyekiti wa mtaa alipokuja kusalimia akakalia mkasi. Baada ya mwenyekiti kusindikizwa kwa kushikwa mabega, ikaamuliwa kwamba ushonaji ni jambo la siri la mke na mume, likahamishiwa chumbani. Nyumba yenyewe haikuwa na chumba kingine. Aliijenga baba yake Mzee Pindo, fundi cherehani pia, na ilikuwa na sebule, chumba, jiko, basi.

Nitasema hapa kwa nini aliitwa Mzee Pindo, maana jina hilo si la bure. Hakuna fundi aliyeacha pindo kubwa kama lake. Ukimpelekea kitambaa cha suruali, alikushonea suruali moja ya kuonekana na nusu ya pili akaikunja kwa ndani. Ukilalamika kwamba ni nzito, alikupiga bega na kukwambia neno alilorithi kwa baba yake: "Utakua." Watoto aliwaambia "utakua," na bwana harusi mwenye mvi, ambaye kwa urefu alishafika mwisho wa safari, aliambiwa vivyo hivyo, akaenda kuoa akiwa na matumaini.

Basi mtu kama huyo, alipoambiwa achague kati ya mkewe na cherehani, alifanya alichozoea kufanya nguo inapobana. Aliamua kuiongeza nyumba. Akavaa koti, akaning'iniza tepu yake shingoni kama kawaida, akaenda kumtafuta msanifu wa majengo, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la dawa.

Msanifu alikuwa mwanamke mfupi, bado kijana, mwenye miwani mikubwa. Alikuwa ameinamia meza akichora. Alipoinua uso na kuona ile tepu shingoni, kabla hajasema lolote alisimama wima na kunyoosha mikono pembeni, tayari kupimwa. Kisha akashtuka na kuishusha haraka.

"Shikamoo fundi," alisema, uso umemwiva.

"Marahaba." Mzee Pindo alimtazama kuanzia begani hadi chini. Sura za watu zilimtoka upesi, lakini vipimo havikumtoka. "Ngoja. Sketi ya shule, ya marinda. Kiuno chembamba, mabega ya baba yako."

"Ndiyo mimi. Ile sketi nilianza nayo shule na nikamaliza nayo, mzee. Kila mwaka mama alifumua pindo kidogo, ikabaki na mistari ya kila pindo la zamani. Wenzangu waliniita daftari."

"Si nilikwambia utakua?"

"Sikukua, mzee."

Alimpima tena kwa macho. "Bado hujachelewa," alimfariji.

Msanifu alikaa, akavuta pumzi, akamuuliza shida yake. Mzee Pindo alieleza yote, pamoja na sindano na mahali ilipochoma, mambo ambayo mkewe angependa yabaki nyumbani. Alitaka chumba kimoja cha kushonea, kishikane na nyumba, kwa nyuma.

"Kwa nini nyuma?" aliuliza msanifu. "Ubavuni hakuna nafasi?"

"Nyuma," alisema Mzee Pindo, akaanza kuikunja tepu yake ambayo haikuhitaji kukunjwa.

Nafasi ubavuni ilikuwepo, tena ya kutosha. Lakini ubavu ule ulikuwa na aibu yake. Pale kwenye kona ya mbele na kona ya nyuma, baba yake alikuwa ameacha matofali yamechomoza nje ya ukuta, moja limetoka, moja limeingia, moja limetoka, kuanzia chini mpaka karibu na paa. Watu walisema marehemu alikosea hesabu. Wengine walisema alijenga akiwa amelewa, ingawa hakuwahi kuonja. Mtaa mzima uliita pale "nyumba yenye meno," na Mzee Pindo alipokuwa mtoto wenzake walimng'ong'a kwa kutoa meno nje kila alipopita. Siku moja alimlilia mama yake, na mama akatundika sufuria kwenye yale matofali ili yasionekane. Mkewe alipoolewa alizikuta, akaongeza za kwake. Sasa ukuta ule ulikuwa umejaa sufuria, vikaango na makarai juu mpaka chini, na mgeni alidhani ndani wanaishi wapishi wa jeshi. Baba mwenyewe alikufa mapema. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakusema.

Siku ya kupima, msanifu alifika na kifaa kidogo cha mkononi kinachorusha nukta nyekundu ukutani na kusoma urefu chenyewe. Mzee Pindo alimpokea njiani, akampitisha ndani kwa ndani, sebuleni, jikoni, hadi uani, asije akazunguka ubavuni. Msanifu aliwasha kifaa chake palepale mlango wa jikoni. Nukta ikatua kwenye tumbo la mke wa Mzee Pindo, aliyekuwa akikoroga chungu. Yeye akaitazama. Akaipiga na mwiko. Nukta ikapanda kifuani. Akaipiga tena, akajimwagia mchuzi, akaanza kurudi nyuma akijipiga mwili mzima na kuuliza ni mdudu gani huyu hafi.

"Zima hiyo taa, mwanangu!" alifoka Mzee Pindo. "Kitu hakipimwi kwa taa. Unakishika kwa mkono, ujue kinapumua vipi. Mimi sijawahi kukata kitambaa kwa vipimo vya mtu mwingine, na sitaanza leo. Nitapima mwenyewe, nikuletee."

Msanifu alifungua mdomo kumweleza kwamba kazi haiendi hivyo. Alikuwa na shahada, muhuri na ofisi yenye ngazi. Lakini Mzee Pindo alikuwa amesimama mbele yake na tepu mkononi na pini kwenye kola, na yeye akajikuta yuko tena juu ya kigoda alichopimiwa sketi ya shule, mikono pembeni, akiambiwa asitikisike. Akasema, "Sawa, fundi." Alijilaumu njia nzima hadi ofisini, na alistahili.

Mzee Pindo alipima kwa raha zake. Alipima ua tangu ukuta wake wa nyuma hadi ukuta wa jirani, akiunganisha tepu kwa pini, akiandika kwa chaki kwenye kiganja. Alipomaliza alimpelekea msanifu vipimo, na baada ya muda msanifu akaleta mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri, huwezi kusema vingine. Chumba kirefu, dirisha pana upande wa mwanga, meza ya kukatia ya kutosha kulaza suti nzima, rafu za marobota, na kona ambayo msanifu aliandika kwa herufi safi: *Asiye na kichwa*. Mke wa Mzee Pindo aliutazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Huyu naye kapewa dirisha?" aliuliza, na akacheka, kicheko cha kwanza tangu ile sindano. Mzee Pindo alijisikia amepona.

Mwashi alikuja na vigingi, kamba na nyundo. Alikuwa mtu wa kufuata mchoro na hakuwa na mambo mengi. Alipigilia kigingi cha kwanza nyuma ya jiko, akavuta tepu yake ya chuma kuelekea kwa jirani, akavuta, akavuta, akafika ukutani. Akatazama mchoro. Akatazama ukuta. Ukuta huo ulikuwa wa bafu la jirani, karani mstaafu, ambaye saa hiyo alikuwa ndani akioga na kuimba. Mtu mwingine angesimama ajiulize. Mwashi alizunguka, akaingia uani kwa karani, akabisha mlango wa bafu.

Wimbo ukakatika. "Nani?"

"Mwashi. Samahani mzee, naomba niweke kigingi."

"Wapi?"

"Hapo ulipo. Ukisogea kidogo tu inatosha."

Maneno yaliyofuata hayaandikiki. Karani alitoka amejifunga taulo, povu masikioni, na kikombe cha kuogea mkononi kama mtu anayekwenda vitani, na mtaa ukamsikia akiuliza tangu lini bafu lake limekuwa chumba cha kushonea. Msanifu aliitwa. Alifika akihema, akatoa kile kifaa chake cha nukta nyekundu bila kumuomba mtu ruhusa, akapima ua, akasoma, akapima tena. Kisha akamgeukia Mzee Pindo kwa upole wa kutisha.

"Fundi. Hivi vipimo ulivipataje?"

"Kwa tepu."

"Mbona ua umezidi kwa hatua nzima kila upande?"

Mzee Pindo alishangaa kuulizwa jambo la wazi namna ile. "Si nimeacha ya kushonea."

Hata karani alisahau taulo lake, akalidaka kwa bahati.

"Ya kushonea," alirudia msanifu. "Kwenye ukuta."

"Ningekupaje kipimo kikavu? Nguo ikikatwa kwa kipimo cha mwili inapasuka mtu akipiga chafya. Na nyumba ni vazi kubwa, pindo lake lazima liwe kubwa."

Msanifu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sidhani kama ilikuwa na vumbi. Akamchorea pale pale chini, kwa kijiti, chumba kitakachobaki baada ya kuondoa mapindo yote mawili. Kilikuwa kama kabati. "Cherehani itaingia," alisema, "na wewe utaingia kwa ubavu. Ila kutoka ni mpaka mtu akuvute."

"Na meza? Na marobota? Na..." Mzee Pindo hakumaliza. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, amesikia yote. Juu ya mapaa mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yamekwisha kukusanyika, meusi, hayana haraka.

Hakugomba. Aliingia ndani, akatoka na mkoba wake wa safari umeshafungwa, akauweka barazani. Kumbe ulikuwa umefungwa siku nyingi. Kisha akaelekea ubavuni na gunia tupu, akaanza kutungua sufuria zake.

Hapo ndipo Mzee Pindo alipopata kiwewe. Alimkimbilia. "Sufuria acha! Mke wangu, nakuomba, chukua chochote, sufuria acha!"

Mkewe aligeuka polepole na karai mkononi. "Yaani mimi niende, sufuria zibaki?"

"Sivyo. Nina maana... watu wapo hapa."

"Miaka yote hii nimekaa na wewe, nimetobolewa kama chujio, na leo unalilia vikaango!" Machozi yakamtoka ingawa alikuwa amejiapiza yasitoke. Akatungua kwa hasira, moja baada ya nyingine, kwa kelele za kengele, mpaka gunia likajaa na nyingine zikabingirika hadi kwenye miguu ya karani. Mzee Pindo alisimama akiziba ukuta kwa mgongo wake. Lakini alikuwa mtu mmoja na meno yalikuwa mengi.

Mwashi alikuja kutazama. Msanifu naye akaja, na alipofika alisimama kama alivyosimama siku ile ofisini, mikono ikamtoka pembeni yenyewe.

"Nani alijenga nyumba hii?" aliuliza.

"Baba yangu," alisema Mzee Pindo, akitazama chini. Alikuwa mtoto tena, anangoja mtu atoe meno. "Usicheke, mwanangu. Alikosea hesabu."

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

Msanifu alisogea, akapitisha mkono kwenye matofali yale, moja nje, moja ndani, tangu chini hadi alipoweza kufika, ambapo hapakuwa juu sana. Alipogeuka macho yake yaling'aa nyuma ya miwani. "Mzee, hakukosea. Nimevaa sketi yako shule nzima, mimi pindo nikiliona nalijua. Hili ni pindo."

"Pindo gani?"

"Ni kweli," alisema mwashi, ambaye hakuwa amesema neno tangu kisa cha bafuni. "Meno ya hivi yanaachwa makusudi, ukuta mpya uje kuuma hapo, kuta zishikane. Mtu haachi meno kama hana nia ya kuongeza. Na kama alikuwa na akili zake, basi na chini..." Hakumaliza, alichukua jembe. Akachimba mbele ya kona, pale ambapo kila mtu alijua ni udongo mtupu. Hakuchimba sana. Jembe liligonga jiwe. Akafuata, jiwe likafuatwa na jiwe, limepangwa na kuunganishwa, likienda mbali na nyumba, likakata kona, likarudi hadi kwenye meno ya kona ya pili. Msingi wa chumba kizima ulikuwa pale, umekunjwa chini ya udongo, ukisubiri mtu aufumue.

Mzee Pindo alikalia sufuria iliyopinduka. Alikumbuka koti lake la kwanza, mikono ikifika magotini, na baba yake akimpiga bega. Utakua. Na yeye alikuwa amekua, amezeeka, amemwonea haya marehemu miaka yote hiyo na kumfunika kwa vikaango. Alilia bila kujificha, akipenga kamasi kwa kipande cha bitana alichokikuta mfukoni.

Mkewe aliweka gunia chini. Alimtazama, akatazama ukuta, akatazama lile shimo. Akaelewa kwa nini mumewe alizililia sufuria. "Wewe mzee," alisema, "si ungesema tu?"

"Niseme nini? Kwamba nyumba yako ina meno?"

"Nimeolewa hapa, nilidhani sijui? Mimi nilidhani unapenda sufuria."

Matone ya kwanza ya mvua yakadondoka. Mkewe aliunyanyua mkoba wake pale barazani usije ukalowa, akaurudisha ndani, na hakuna aliyemuuliza neno. Karani alikimbilia kwake na taulo lake, maana alikuwa bado hajasuuza povu.

Chumba kilijengwa mvua zilipopumzika, juu ya msingi wa marehemu, kwa vipimo alivyochukua msanifu mwenyewe kwa nukta yake nyekundu, Mzee Pindo akiwa amekatazwa kukaribia. Meno ya zamani yalimezwa na ukuta mpya. Mwashi alipofika kona za nje aliuliza amalizie vipi, alaze matofali sawasawa apige plasta?

"Acha meno," alisema Mzee Pindo.

"Kwa umri huo, mzee, unataka kujenga tena?"

"Si mimi." Akalipiga tofali la kona kofi la begani. "Utakua," aliliambia.

Saruji ilipokauka mkewe alitoka na sufuria zake zote, akazitundika upya kwenye meno mapya, akianza na kubwa kuliko zote. Halafu, kwa kuwa chumba cha kulala sasa kilikuwa kimya mno kwake, akachukua mchele wake wa kuchagua, akaenda kukaa kwenye chumba kipya ili asikie cherehani. Alikaa.

"Mama yangu wee!"

"Kuna nini huko?" aliuliza karani kutoka bafuni. Mke wa Mzee Pindo alimweleza kuna nini, akamweleza na mumewe, akamsema kuanzia chumba kipya, kupitia sebuleni, hadi jikoni. Na Mzee Pindo, pini mdomoni, alimfuata nyuma akitabasamu, kwenda kuteleka chai.